Jiwe la Kumchekea Mfalme

Mwenyekiti wa jioni hii, walimu wangu, wachora vibonzo wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokubali kukaa sakafuni kwa kuwa viti havikutosha: hamjambo.

Hili jiwe mnaloliona mezani ni la kuchapia. Nimeazimwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uchapaji, naye kanipa kwa sharti moja tu, lisianguke. Ukubwa wake ni wa daftari, lakini uzito unakaribia kilo saba, kwa hiyo kwenye daladala nimelipakata kama mtoto. Kondakta akaniuliza, "Mzee, hilo la kaburi?" Nikamjibu hapana, ni la kumchekea mfalme. Akanitazama kidogo, akaenda kudai nauli kwa wengine.

Mfalme mwenyewe ni Louis-Philippe wa Ufaransa, aliyekalia kiti tangu 1830 hadi 1848. Waliomcheka walikuwa wachoraji wachache wa Paris na mchapishaji mmoja mkaidi. Wanaosimulia habari zao mara nyingi huanza na ushujaa wa kalamu, jiwe wakaliruka. Mimi ni mtu wa karakana, naomba mnivumilie nianze na jiwe.

Sahani uliyolia pilau ukiimwagia maji ya baridi, maji hujikusanya vitone vitone, yakateleza. Hayashiki. Kila aliyewahi kuosha vyombo analijua hilo, na uchapaji wa jiwe, yaani lithografia, umesimama hapo hapo. Unachukua jiwe la chokaa lililosagwa likawa laini, unalichora kwa krayoni yenye mafuta. Unalipaka gundi ya mgunga iliyochanganywa na tindikali kidogo, ili palipochorwa pashike mafuta barabara na palipo wazi papende maji. Kisha unalilowesha kwa sifongo. Maji yanakaa palipo wazi, yanakimbia palipochorwa. Unapitisha rola yenye wino wa mafuta: wino nao unakimbia maji, unaifuata michoro. Weka karatasi, pitisha kwenye mtambo, inua. Picha hiyo. Lowesha tena, paka wino tena, picha ya pili. Ya mia. Ya elfu.

Aliyeligundua hili hakuwa mchoraji. Alikuwa mwandishi wa tamthilia huko Munich, katika Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo, Alois Senefelder, aliyekuwa hana fedha za kuchapisha kazi zake. Mwenyewe alisimulia kuwa siku moja mwaka 1796 mama yake alitaka kuandikiwa orodha ya nguo za dobi, na karatasi haikuwepo karibu, akaiandika juu ya jiwe kwa wino wake wa nta, sabuni na masizi. Kutoka orodha ya dobi hadi mbinu kamili ilimchukua kama miaka miwili. Mawe bora yalichimbwa Solnhofen, kule kule Bavaria, na hadi leo mchapaji akikwambia jiwe zuri anakusudia la huko. Gundi ilitoka mbali zaidi: Wafaransa waliinunua Senegal, kwenye migunga ya ukingo wa jangwa. Na kwa kuwa tumeshagusa Afrika, vitabu vya dini vilivyochapwa kwa jiwe Bombay, misahafu ikiwemo, vilivuka bahari hadi Pwani yetu. Hati ya Kiarabu ilielewana na jiwe kuliko ilivyoelewana na herufi za kuchapia za madini ya risasi, kwa sababu hati ya mwandishi huchapika ilivyo, na miunganisho yake yote.

Sasa kwa nini nawachosha na gundi na maji? Kwa sababu ya muda. Kabla ya jiwe, mchoro wa kuchapwa ulichongwa kwenye shaba au mbao, na fundi wa kuchonga mara nyingi hakuwa yule aliyebuni picha. Kazi ilikula siku, pengine wiki. Waziri akitoa hotuba ya ovyo leo, kicheko kingemfikia akiwa ameshasahau alichosema. Juu ya jiwe mchoraji anachora kama anavyochora kwenye karatasi, mkono wake mwenyewe, hata mtetemo wa mkono unaonekana. Tatizo lake moja ni kwamba picha hutoka kinyume, kama kwenye kioo, kwa hiyo upanga wa kulia uuchore kushoto. Hilo anazoea. Kuanzia hapo kejeli ikaweza kwenda mwendo mmoja na habari.

Turudi kwa mfalme.

Julai 1830, kwa siku tatu, tarehe 27, 28 na 29, watu wa Paris walijenga vizuizi mitaani wakamfukuza mfalme Charles X. Waliobeba bunduki na kufa walikuwa zaidi mafundi na vibarua. Waliofaidi walikuwa mabenki na mawakili, wakamweka Louis-Philippe, mfalme aliyejitapa kuwa wa raia, mwenye koti la kawaida na mwavuli. Katiba mpya ikaahidi kwamba udhibiti wa maandishi hautarudishwa kamwe. Neno lenyewe ni hilo, kamwe. Likumbukeni.

Novemba mwaka huo huo Charles Philipon, kijana wa Lyon mwenye umri wa miaka 30, akaanzisha gazeti la kila wiki, La Caricature. Desemba 1832 akaongeza la kila siku, Le Charivari. Charivari ni desturi ya zamani ya vijijini Ufaransa: jirani akifanya la aibu, watu wanakusanyika mlangoni kwake usiku, wanapiga masufuria na vifuniko hadi aone haya. Gazeti likaahidi mchoro mpya kila siku. Picha zikauzwa katika duka la shemeji yake, Aubert, kwenye ujia wa Véro-Dodat, na dirisha la duka lile ndilo lililokuwa gazeti halisi. Bei ya kujiandikisha haikuwa ya kibarua. Lakini kusimama dirishani ni bure, na mwenye macho haambiwi tazama. Watu walirundikana pale hata wenye haraka wakakosa njia.

Philipon alishtakiwa mapema, kwa picha iliyomwonyesha mfalme kama fundi lipu akipiga chokaa ukutani kufunika alama za Julai. Mnamo Novemba 1831 akasimama mbele ya jopo la raia waliochaguliwa kusikiliza kesi. Utetezi wake ulikuwa huu: mfalme niliyemchora hana taji, hana jina, ana sura tu; je, sura ni mali ya serikali? Akachukua karatasi, akachora vichwa vinne. Cha kwanza ni mfalme kabisa: mashavu mazito, nywele zilizosimama juu. Cha pili kinafanana na cha kwanza, ila kimeanza kunenepa chini. Cha tatu kinafanana na cha pili. Cha nne ni tunda, peasi. Akawaambia waamuzi: mkinifunga kwa cha kwanza, itabidi mnifunge na kwa cha pili, kwa kuwa vinafanana, na cha tatu, na mwishowe itabidi mkamate kila peasi sokoni.

Peasi kwetu halina watu, lakini lifikirieni kama parachichi lenye shingo: jembamba juu, pana chini. Wazee wa Pwani parachichi waliliita pea, kwa hiyo hatuko mbali. Katika Kifaransa cha mitaani peasi pia lilikuwa na maana ya bwege, mtu wa kuchezewa. Philipon hakulazimika kuongeza hilo. Watu walikuwa nalo vinywani.

Alishindwa kesi. Jela miezi sita, faini faranga 2,000. Ila hoja yake ilikuwa imeshatoka nje ya mahakama, na ndani ya muda mfupi watoto walikuwa wakichora peasi kwa mkaa kwenye kuta za Paris. Polisi wafanye nini? Ukimkamata mtoto kwa kuchora tunda, wewe ndiye uliyesema tunda lile ni mfalme. Hapa, wanafunzi, naomba mtue mizigo. Mchoro wa peasi haukusema kitu. Mtazamaji ndiye aliyemalizia, kichwani mwake, na akishamalizia amekuwa mshirika. Mwenye kukasirika naye, kwa hasira yake, anathibitisha. Nimechora vibonzo miaka mingi na bado sijaona mtego safi kuliko ule.

Sasa namleta Honoré Daumier. Alizaliwa Marseille mwaka 1808, mwana wa fundi vioo aliyehamia Paris akitafuta umaarufu wa ushairi na asiupate. Mtoto alianza kazi mapema: tarishi kwa dalali wa mahakama, kisha dukani kwa muuza vitabu. Mkiona baadaye anavyowachora mawakili, na yale majoho yanayopepea kama mbawa za kunguru, mjue alizikariri korido zile akiwa kijana mwenye njaa. Jiwe alijifunza akiwa bado kijana, kwa kazi za kuajiriwa.

Desemba 1831 akachora Gargantua. Jina hilo ni la jitu lafi la hadithi za kale za Kifaransa. Mfalme amekaa, mkubwa kama nyumba, kichwa cha peasi, mdomo wazi. Ubao mrefu umeegeshwa kutoka ardhini hadi ulimini, na watumishi wanaupanda na vikapu vya fedha mgongoni. Chini kulia wapo wanaotoa: mama mwenye mtoto, vilema, vibarua, wanadondosha senti zao za mwisho. Na kiti cha mfalme, tazameni vizuri, ni cha msalani. Kinachodondoka chini yake ni nishani na barua za vyeo, na wakubwa wamejipanga kuzipokea. Wakati huo ulikuwa wa mjadala wa posho ya mfalme, ambayo mwaka 1832 ilipitishwa kuwa faranga milioni 12 kwa mwaka. Picha nzima ni hesabu ya bajeti iliyochorwa na mtu asiye na adabu.

Februari 1832 akahukumiwa miezi sita na faini ya faranga 500. Adhabu ikaahirishwa, labda wakidhani ameogopa. Akaendelea. Agosti wakamchukua, wakamfungia Sainte-Pélagie, gereza lililojaa waandishi na wanasiasa kiasi kwamba kijana wa miaka 24 aliingia mchoraji akatoka amehitimu siasa.

Faini zilikuwa silaha yenye makali kuliko jela, na Philipon alilijua hilo. Akabuni chama cha wachangiaji wa kila mwezi: unatoa fedha, unapata picha moja kubwa ya jiwe kwenye karatasi nzuri, na fedha zinaingia mfuko wa faini. Yaani kila serikali ilipomtoza, alichapa picha nyingine kali ya kulipia. Kwa ajili ya chama hicho Daumier alichora, mwanzoni mwa 1834, lile bunge lililokaa viti vya nusu duara, matumbo yakiwa yamepangwa safu juu ya safu, wengine wanasinzia, wengine wanachokora pua. Hakuwachora kwa kukisia. Alikuwa ameziunda sura za wanasiasa kwa udongo mbichi, vichwa vidogo vya kushika mkononi, akavipaka rangi. Vimebaki 36, havikuchomwa tanuruni, na leo viko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris. Hivyo sanamu ndogo za udongo ndizo zilizokuwa daftari lake.

Kisha ikaja Aprili 1834. Wafanyakazi wa hariri wa Lyon walikuwa wameinuka, na Paris nayo ikafuata. Katika mtaa mwembamba uitwao Rue Transnonain, risasi ilipigwa kutoka, au ilidhaniwa kupigwa kutoka, nyumba namba 12. Wanajeshi wakaingia mle ndani, ghorofa kwa ghorofa, wakaua wakazi 12.

Daumier aliichora. Hakuna mfalme kwenye picha, hakuna peasi, hata mwanajeshi hayupo. Chumba cha kulala. Mwanamume wa shati la kulalia na kofia ya usingizi ameteleza kutoka kitandani, miguu imeachana, mgongo umeegemea godoro. Chini yake, ukishazoea giza la picha, kuna kichwa cha mtoto. Baba amemwangukia mwanawe. Kushoto gizani mwanamke amelala chali. Kulia, ukingoni kabisa, uso wa mzee. Kiti kimepinduka. Mashuka. Mwanga unaingia kama wa alfajiri, juu ya lile shati jeupe tu.

Nimeiona picha hii mara nyingi, na kila mara ninachojiuliza ni cha kiufundi: ule weupe wa shati ni nini? Ni jiwe lililoachwa. Hapo hakugusa. Kila kitu kingine amekisugua kwa krayoni, tabaka juu ya tabaka, akachora giza, na mahali alipokufa mtu akaacha jiwe tupu.

Philipon, bingwa wa vichekesho, alipoitangaza aliwaambia wasomaji kwamba hii si karikatura, yaani si kibonzo cha kejeli, ni ukurasa wa damu wa historia yao. Ikatundikwa kwenye dirisha la Aubert. Watu walewale waliokuwa wakisukumana wakicheka wakasimama kimya. Polisi walikamata nakala walizozipata, na wakalichukua jiwe. Hawa walikuwa wameelewa kazi yetu: nakala ni watoto, jiwe ndilo mama. Mtaa wenyewe msiutafute Paris siku hizi. Jina lilifutwa, ukamezwa na Rue Beaubourg. Nakala zilizookoka zipo.

Tarehe 28 Julai 1835, mtu mmoja aitwaye Fieschi alimtegea mfalme mtambo wa mitutu 25 ya bunduki kwenye dirisha la Boulevard du Temple. Mfalme akapona, watu 18 wakafa. Serikali ikapata ilichokuwa ikikitafuta. Sheria ya Septemba 9 ikaamuru kwamba hakuna mchoro utakaochapwa, kuuzwa wala kutundikwa bila kibali. Na lile neno "kamwe" la katiba? Wakasema katiba ilikinga maoni, na mchoro si maoni. Maandishi yanazungumza na akili, picha inazungumza na macho. Kwa hiyo picha ni tendo. Ukiwaza, hakuna mtu aliyewahi kuwapa wachoraji sifa kubwa kuliko hiyo. La Caricature lilikuwa limeshafunga mlango mwishoni mwa Agosti.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Le Charivari liliendelea, mfalme akiwa haramu. Daumier akageukia mtu mwingine, Robert Macaire, tapeli aliyetoka kwenye tamthilia moja iliyopendwa Paris. Kati ya 1836 na 1838 picha mia moja zikamwonyesha Macaire akiwa mwenye benki, wakili, daktari, muuza hisa za kampuni ambayo haipo. Waliowahi kulizwa na upatu hapa wanamjua bila kutambulishwa. Wasimamizi wa vibali hawakuona mfalme, wakagonga muhuri. Wasomaji waliona jinsi nchi yote ilivyokuwa ikiendeshwa.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nawauzia malaika. Mwaka 1844 mkono ule ule uliomchora baba wa Rue Transnonain ulichora mfululizo wa kuwadhihaki wanawake wanaoandika: mama yuko mezani na kalamu, mtoto anazama kwenye beseni. Ufundi ni wa hali ya juu. Kicheko kinaelekea chini, kwa mtu ambaye hata kura hakuwa nayo. Dada zangu wachoraji mlioko humu, mna haki ya kuzitazama zile picha na kunyamaza.

Aliishi muda mrefu, akachora karibu lithografia 4,000. Maneno ya chini ya picha mengi yaliandikwa na wengine. Mwaka 1860 gazeti likamwachisha kazi, likamrudisha 1863. Macho yakamfia taratibu, na Februari 1879 akafariki Valmondois, kijijini, karibu kipofu. Sheria iliyowapa wachoraji wa Ufaransa uhuru wa kuchapa bila kibali ilikuja miaka miwili baadaye, Julai 1881.

Namalizia na karakana, nilikoanzia. Nakala zikitosha, jiwe halitupwi, ni ghali. Kijana wa kazi analimwagia mchanga na maji, analilalia na jiwe la pili juu yake, anazungusha, anazungusha, hadi picha iishe. Mawe mengi aliyoyachora Daumier yaliishia hivyo. Mfalme aliyekuwa juu ya jiwe la Jumatatu akageuka tope la kijivu, akamwagwa uani, na Jumanne jiwe likarudi kwa mchoraji likiwa jeupe.

Hili la mzee wangu nalo limesagwa mara nyingi, mnaweza kuona lilivyokwisha upande mmoja. Juzi nimelisaga tena. Krayoni ipo, wino upo, maji yapo kwenye ndoo. Anayetaka kuwa wa kwanza apite mbele, na tafadhali atumie mikono miwili.